Viatu vya njia kwa Mama Zaina

Ujumbe wa Dafroza ulinikuta Kigoma, sokoni, nikimpimia kitenge mteja ambaye alikuwa bado hajaamua kununua. Ulikuwa mfupi kama maneno yake yote: "Mama Zaina ametuacha. Arobaini ni mwezi huu. Kuja." Nilikosea kipimo mara mbili, na yule mteja, nadhani kwa kunihurumia, akanunua. Jioni nikafunga mzigo. Mimi ni mtu wa kufunga mzigo haraka. Nimeishi Uvira, Bujumbura, Kasese, Bukoba, na katika miji mingine ambayo sikufanya lolote humo ila kulala na kusikiliza watu. Nikiulizwa nyumbani ni wapi hujibu kwa mzaha kwamba ni pale nilipoacha sufuria. Lakini basi lilipokuwa linapanda kuelekea kaskazini, na abiria wa jirani amelala begani mwangu kama mtu tuliyekua pamoja, nilijua kwamba katika miaka yote hiyo ni mwaka mmoja tu ambao kulikuwa na watu waliokuwa hawawezi kwenda kwao jioni mpaka wanione. Ni mwaka niliolala Rugerero na kufanya kazi Gisenyi mjini, karibu na mwisho wa miaka ya tisini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, si kwa kushindwa, bali kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama barabara na mimi nilitaka kujua kila gari linakwenda wapi. Gisenyi nilipita tu, nikidhani nitakaa wiki chache nilione ziwa kisha nivuke mpaka kwenda Goma, Kongo. Mjini hapakuwa na chumba. Watu walikuwa wamerudi kutoka ukimbizini, kila upande, wengine Goma na Masisi, wengine Tanzania, wengine Uganda, na kila nyumba ilikuwa na familia juu ya familia, mpaka veranda zikawekewa pazia zikaitwa vyumba. Kwa hiyo mji ulipanda mlimani, na mimi nikapanda nao. Nilipata chumba Rugerero, nyuma ya nyumba ya kikongwe mmoja, ukuta wangu ukiwa ndio huo huo ukuta wa zizi la mbuzi wake. Usiku nilisikia mbuzi wakijikuna upande wa pili, na asubuhi moshi wa kuni za maharagwe uliingia kwa dirisha lililokuwa na ukubwa wa sahani. Nilikipenda chumba kile. Nimelala katika vyumba vizuri zaidi tangu hapo, vyenye vioo na feni, na hakuna hata kimoja kilichoniamsha na hamu ya kutoka kama kile.

Kazi niliipata katika studio ya picha, mtaa wa nyuma ya soko. Mwaka ule kila mtu alihitaji picha ndogo za vitambulisho na karatasi za mpakani, na patron wangu, mwenye studio, alikuwa na kamera moja nzuri na mikono miwili tu. Mimi nilishika shuka jeupe nyuma ya wateja, nikasuuza picha katika beseni gizani, nikazianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Watu wakikaa kwenye kile kiti husema mambo. Nadhani ni kwa sababu wameambiwa wasicheke, basi maneno yanatafuta njia nyingine. Niliyasikia mengi kutoka nyuma ya lile shuka kuliko yote niliyofundishwa darasani: bei ya maharagwe Goma, nani ameoa wapi, dawa ya kikohozi, jinsi ya kujua maziwa yametiwa maji. Patron alisema mi ni mufanyakazi muzuri mwenye masikio marefu mno.

Basi kila siku ya kazi nilishuka asubuhi na kupanda jioni, kwa miguu, kama watu wengi wa upande wetu. Teksi zilikuwepo, yale mabasi madogo, lakini zilitoka mbali zikiwa zimejaa, na jioni ziliacha kupita mapema. Pikipiki zilikuwa bado ni za wenye nazo. Nusu ya njia yetu ilikuwa vijia vya mlimani kati ya migomba na maharagwe, ambavyo mvua ikinyesha viligeuka uji mzito. Nusu nyingine ilikuwa lami, inayovuka mto Sebeya darajani na kuteremka mpaka mjini. Mtu wa Rugerero alifika mjini na tope hadi magotini. Na Gisenyi, mji wa bustani na majumba ya zamani ya kando ya ziwa, tope lilikusemea kabla hujafungua mdomo. Mtumishi mwenye tope hakuingia jikoni kwa watu. Fundi mwenye tope aliambiwa apitie nyuma.

Ndipo Mama Zaina anapoingia. Nyumba yake ilikuwa pembeni mwa Majengo, mtaa wa Waislamu, karibu ya kwanza kwa mtu anayetoka upande wetu. Aliuza chai ya tangawizi na mandazi barazani, akikaa kwenye kigoda kilichomezwa kabisa na kanga zake. Kando ya baraza kulikuwa na chumba chembamba ambacho zamani kilikuwa duka la vitambaa. Duka lilikuwa limekwisha lakini mbao za kupangia vitambaa zilibaki ukutani. Tulinawa miguu kwenye pipa lake la maji ya mvua, tukatoa viatu vya mji mifukoni, na vile vya njia tukaviacha kwenye zile mbao hadi jioni. Hakututoza kitu. Mwenye uwezo alikunywa chai, asiyekuwa nao aliambiwa anywe kesho. Sikuwahi kusikia nani alianza. Nilipofika ilikuwa hivyo, na kila mtu alikuwa na sehemu yake ubaoni kama ng'ombe anavyojua sehemu yake zizini. Buti za mpira zilizokatwa shingo zilikuwa za Fideli, fundi mwashi. Viatu vyeusi vya plastiki, kimoja kimeungwa kwa kisu cha moto mpaka kikawa na kovu kama la mtu, vilikuwa vya Dafroza, mpishi. Kambambili mbili, moja ya bluu na moja ya kijani, zilikuwa zangu, na zilinipatia jina la Mado Rangi Mbili, ingawa Mado peke yake lingetosha.

Jioni ubao ndio uliotuhesabu. Miaka ile upande wetu hakuna aliyetembea peke yake jua likianza kushuka. Aliyekuwepo anajua sababu, na asiyekuwepo aelewe tu kwamba darajani kulikuwa na bariyeri ya askari, mti wa kufungia barabara, na giza likiingia ule mti ulishushwa, na mtu wa mguu akalala upande uliomkuta. Kwa hiyo tulitembea kundi moja. Kila aliyetoka kazini alichukua viatu vyake ubaoni, akavivaa, akakaa barazani kungoja. Ubao ukiwa mtupu, tunaondoka. Jozi moja ikibaki, kuna mtu bado yuko mjini, na hatuondoki. Hakuna aliyeita majina. Mtu ambaye hatarudi siku hiyo, labda analala Goma kwa dada yake, alipaswa kuchukua viatu vyake mapema au kumwambia Mama Zaina. Mimi, niliyekuwa nimetoka katika miji kadhaa bila mtu kugundua, wiki ya kwanza nilichelewa studio nikakuta watu karibu kumi wamekaa barazani wanazitazama kambambili zangu. Fideli alisema kwa upole, kwa Kiswahili chake cha Tanzania kilichonyooka kama ukuta aliojenga, kwamba dada, tulikuwa tunakusubiri wewe. Nilivaa kambambili nikatembea nyuma ya kundi njia nzima, na mpango wangu wa kuvuka kwenda Goma nikausogeza mbele mwezi mmoja, kisha mwingine.

Aliyechelewa zaidi ya wote alikuwa Dafroza. Alipika katika nyumba ya wageni kando ya ziwa, mahali pa wazungu wa mashirika na wafanyabiashara wakubwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa, asiyependa maneno, na mkono wake wa kupika ulijulikana mpaka ng'ambo ya mpaka. Madamu mwenye nyumba alikuwa hamruhusu kutoka mpaka chakula cha jioni kimepakuliwa na sufuria zimeoshwa. Kulala mjini hakuweza. Mama yake mzazi alikuwa Rugerero, kitandani, hawezi kujigeuza wala kujilisha, na mchana jirani alimwangalia, lakini usiku alikuwa na Dafroza tu. Hivyo ndivyo maisha yake yalivyokuwa yamebanwa: akitoka mapema anapoteza kazi, akitoka kwa saa ya madamu anaweza kukuta mti umeshushwa darajani, na mama yake yuko upande wa pili amelala kwenye shuka lililolowa.

Alijua kwamba tunangoja kwa ajili yake, na alitulipa kwa njia yake. Kila jioni alikuja na kikapu kichwani, na ndani ya kikapu, katika jani la mgomba, kulikuwa na kile ambacho wageni hawakujua kukila: vichwa vya samaki vilivyokaangwa, ngozi za kuku, vile vipande vya viazi vinavyogandia chini ya karai, sambaza zilizovunjika, wale dagaa wa ziwa letu. Hakuvitoa barazani. Alivitoa darajani, tukiisha kupita bariyeri, mahali tulipopumzika kabla ya kupanda mlima. Tulisimama tumeegemea ukingo, maji ya Sebeya yakipiga kelele chini yetu, na Dafroza akapita akigawa, kila mtu na mkono wake mbele. Nimekula katika hoteli zenye vitambaa mezani. Sijala kitu kinachofanana na kichwa cha samaki cha Dafroza pale darajani, kimepoa, kina chumvi na ndimu, na vidole vinanuka mpaka kesho yake, nikishika shuka jeupe nyuma ya watu.

Mvua za masika zikaja, na giza likaja nazo mapema. Madamu alikuwa na wageni wengi. Dafroza alianza kuchelewa zaidi, na siku moja tulifika darajani askari ameshika kamba tayari kushusha mti, akatusema kama watoto. Kesho yake barazani Fideli alinyanyuka. Hakuwa mtu mbaya, na naliandika hili makusudi kwa sababu nimesikia watu wakilisimulia vingine. Alikuwa na mke mjamzito aliyekuwa peke yake kule juu. Alisema, "Jamani, mimi sina ugomvi na Dafroza. Lakini ile bariyeri haina huruma. Tukubaliane. Jua likigusa paa la msikiti, tunaondoka, viatu vibaki visibaki."

Watu walitazama chini. Mama Zaina aliendelea kugeuza mandazi kwenye mafuta, kisha akasema bila kugeuka, "We Mutanzania. Ukiacha viatu ya mutu hapa kwangu, mwenyewe akikuja nitamuambia nini?"

Fideli akajibu kwamba mama atamwambia ukweli, kwamba tumeshindwa. Hapo ndipo tulipomwona Dafroza. Alikuwa amesimama kando ya pipa la maji, kikapu kichwani, tangu lini sijui. Akapita katikati yetu akachukua viatu vyake. "Fundi iko anasema kweli," akasema. "Mi sitaki mutu alale inje juu yangu." Darajani aligawa kama kawaida, akianza na Fideli.

Siku chache baadaye nilitoka studio nikakuta kundi karibu lote limekwisha kufika. Mvua ilikuwa imekatika, jua lilikuwa bado juu ya paa la msikiti, tukafurahi. Mtu mmoja mmoja akachukua vyake. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikashusha rangi zangu mbili, na ubao ukawa mtupu. Mama Zaina aliangalia ubao, akaangalia barabara, akasema nendeni, Mungu awatangulie. Tukaenda. Tulitembea kwa furaha hata. Kazungu, mbeba mizigo wa mpakani ambaye njaa yake ilikuwa maarufu, alikuwa anaiga jinsi maofisa wa forodha wanavyopekua gunia la mtu, na tulicheka mpaka tukapita bariyeri bila kutazamana nyuso. Darajani tukasimama mahali petu, tukaegemea ukingo. Nikanyoosha mkono. Kazungu akanyoosha wake. Mikono yote ikawa mbele, na hakuna kitu kilichoingia ndani yake.

"Kichwa ya samaki iko wapi?" Kazungu akauliza.

Ndipo tukatazamana. Tulikuwa tumezoea kuhesabu viatu mpaka tukasahau kuhesabu watu. Dada mmoja kati ya wauza maziwa wetu akasema labda amepewa likizo. Mwingine akasema labda amelala mjini, lakini alilisema huku akitikisa kichwa, kwa sababu sote tulimjua yule mama wa kitandani. Mimi nilikuwa nimeona viatu vyake ubaoni asubuhi, nikawaambia, vile vyenye kovu vilikuwa pale. Kama vilikuwepo na sasa havipo, amevichukua mwenyewe. Na kama amevichukua mwenyewe wala hayumo kati yetu, basi amevichukua ili tuondoke.

Fideli alivua kofia, akaivaa tena. Jua lilikuwa limefika kwenye milima ya Kongo. Aliyekwisha kupita bariyeri alikuwa kama amefika nyumbani, na anayerudi nyuma angeweza kulala nje. "Nyinyi endeleeni," akasema. "Mmoja wenu apite kwangu amwambie mke wangu nachelewa." Akageuka. Nami nikageuka, si kwa ushujaa, bali kwa sababu sikuweza kuvumilia kutojua atamkuta wapi. Kazungu akageuka. Mwishowe waliobaki kupeleka habari walikuwa wale dada wa maziwa peke yao. Askari alituuliza kwa Kinyarwanda tunarudi kufanya nini, Fideli akamwambia tumesahau mtu. Yule askari akasema amewahi kuona watu wakisahau mwavuli.

Tulimkuta kwenye kona ya mikaratusi. Alikuwa peke yake barabarani, anakwenda mbio mbio kikapu kichwani, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu anayejisindikiza. Alipotuona alisimama, na badala ya kufurahi alikasirika. Alituuliza tulirudia nini. Alisema kwamba mchana madamu alimtuma kununua vitunguu, akapita kwa Mama Zaina wakati mama yuko kwenye swala, akavitoa viatu vyake akavifunika kwa vitunguu. "Nilivitoa ili mwende," akasema. "Mulipashwa kwenda."

Fideli akamtua kikapu kichwani, akakiweka begani mwake, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi kirahisi. "Tumekuja sasa," akasema. "Tembea, dada."

Tulikimbia. Mti ulikuwa umekwisha kushushwa tulipofika, na askari alituacha tusimame kidogo ili tujifunze, kisha akaunyanyua. Alipewa kichwa cha samaki kikubwa kuliko vyote. Dafroza alimfikia mama yake, na alituambia kesho yake kwamba bibi kizee alimuuliza tu kwa nini ananuka jasho.

Asubuhi Mama Zaina alipata habari zote kabla sijamaliza kunawa mguu wa pili. Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema amekaa na viatu ya watu miaka mingi, hajapata kuona mwizi wa kujiibia. Kisha akaacha kucheka. Alisema viatu vikishaanza kudanganya, baraza lake halina kazi tena. Alifikiri kutwa nzima, na jioni tulipokusanyika, viatu vya Dafroza vikiwa peke yavyo ubaoni, alivichukua, akavitia mkononi mwa Fideli. "Kama yeye hawezi kukuja kwetu," akasema, "muende nyinyi kwake. Na kila mutu abebe vyake mukononi, musimuchafulie madamu lami."

Ndivyo watu karibu kumi wa Rugerero walivyoshuka mpaka kando ya ziwa, kwenye ile barabara ya miti mirefu na majumba, wamevaa viatu vya mji na wameshika viatu vya matope mikononi. Tulijipanga kando ya ua wa michongoma wa nyumba ya wageni. Upande wa pili, kwenye veranda, wageni walikuwa wamekaa wakinywa bia, na mmoja baada ya mwingine wakaacha kunywa wakatutazama. Mzungu mmoja alitupungia mkono. Kazungu akampungia kiatu chake cha tope. Mlinzi alimwita madamu, naye akatoka, mwanamke mrembo, kijana bado, mwenye pete na harufu ya sabuni nzuri, akauliza, "Bon. Munatafuta nini hapa?"

Sote tulimtazama Fideli, kwa kuwa ndiye mwenye Kiswahili cha kusomeka. Akapiga hatua mbele, viatu vya Dafroza mkononi, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama," akasema. "Samahani kwa usumbufu. Tumempitia mwenzetu wa jikoni. Tutasubiri hapa hapa mpaka amalize, hatuna shida."

Shikamoo yenyewe ilimshinda. Kwetu hakuna anayeisema, na aliyeitoa alikuwa anaweza kumzaa aliyepewa. Madamu alitazama mstari wa watu, akatazama veranda, ambako wageni walikuwa sasa wamesimama ili waone vizuri, akatazama vile viatu vyenye kovu. Akauliza kama tutakuja kila siku. Fideli akajibu kwa heshima ile ile kwamba ndiyo mama, kila siku, mvua ikinyesha tutaomba tusimame chini ya veranda. Madamu akaingia ndani. Hatukusikia walichosemezana, lakini muda si mrefu Dafroza alitokea mlango wa nyuma akifungua kitambaa kichwani, anatutazama kama watu walioshuka na mvua.

Tulikwenda tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Kisha jioni moja, kabla hatujamaliza chai, Dafroza alikuja mwenyewe barazani. Alikuwa amepanga upya kazi yake: samaki walichomwa mapema, mchuzi ukaachwa juu ya makaa, na msichana aliyelala palepale alipakua na kuosha. Wageni hawakufa. Alichukua viatu vyake ubaoni mwenyewe, akakaa karibu na Fideli, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akitania. "Shikamoo, mutoto," akamwambia. Fideli hakuuona mwisho wa shikamoo ile. Alijitetea mpaka naondoka kwamba aliogopa, na mtu akiogopa adabu ya utotoni hutoka yenyewe. Watu walimwamkia hivyo mpaka, niliambiwa baadaye, mtoto wake aliyezaliwa masika yale akajifunza kumwamkia hivyo.

Niliondoka mwaka ulipotimia. Hakukuwa na sababu, ila zile zangu za siku zote. Mteja mmoja wa studio alikuwa amesimulia habari za Uvira, na nilitaka kuona kama anasema kweli. Lakini mara ile sikuweza kutoka kimya kimya. Asubuhi ya mwisho nilinawa miguu, nikavaa viatu vya mji, na kambambili zangu nikazifunga kwenye mfuko mbele ya macho ya Mama Zaina, ili jioni pasiwe na mtu wa kuningoja. Aliona. Akanifungia mandazi katika kipande cha gazeti, akasema sehemu yangu ubaoni haitachukuliwa, na mimi nikadhani ni maneno ya kuagana tu.

Sasa mji umepanda mlima wote. Basi liliniteremsha mahali ambapo zamani palikuwa na migomba, nikashindwa kujua chumba changu na mbuzi vilikuwa wapi. Barabara za Rugerero zina taa, na pikipiki zinapita kama nyuki, na vijana wanashuka kazini na viatu vyeupe, vyeupe kabisa, vya kwenda na kurudi navyo. Nilifurahi kuona hivyo. Sina hamu ya tope. Nilishuka kwa miguu hata hivyo, nikapumzika darajani, nikaegemea ukingo, kisha nikafika Majengo nimechelewa, kisomo kimekwisha kuanza. Mlangoni kulikuwa na viatu vya watu wengi, vimesongamana, vya ngozi na vya plastiki. Nikavua vyangu nikaingia.

Baada ya dua walituletea pilau katika sinia, tukala wanawake sita kwenye sinia moja, na mjukuu wa Mama Zaina akaniuliza mimi ni nani. Nilipomwambia alicheka, akanishika mkono akanipeleka kwenye kile chumba chembamba. Sasa wanauza humo vifaa vya simu. Lakini mbao ni zile zile, na chini kabisa, pembeni, kulikuwa na nafasi ya jozi moja, haina chaja wala kava. Alisema bibi alikataa pawekwe kitu, wakadhani ni uzee. Nilikaa pale muda mrefu nikitazama ile nafasi tupu. Nje nilisikia wageni wakiagana, magari yakiwaka, sauti zikipungua, na nikaona ni vizuri, nitatoka wakiisha kwenda wote, nitafute gesti, kesho nirudi zangu.

Nilipotoka baraza lilikuwa limebaki na jozi moja tu, yangu. Lakini kwenye ngazi walikuwa wamekaa watu wawili. Mmoja alikuwa mzee mwenye fimbo na kofia, na mwingine mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, kikapu kimefunikwa kwa jani la mgomba juu ya magoti yake. Karibu yao waendesha pikipiki walikuwa wamezima injini na kuegemea, wamechoka kungoja.

"Mado," Fideli akasema, "jua limeshapita paa la msikiti."

"Bwana, umuache," Dafroza akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Viatu yako iko hapa. Tungeenda namna gani?"

Nikakaa katikati yao nikavivaa.